WP-CLI kazini: kuzitafuta tovuti zilizotoweka baada ya kuhamisha hifadhidata

Tuseme lango lina tovuti mama na tovuti tanzu saba, moja kwa kila wilaya ya Mkoa wa Mwanza, zote ndani ya WordPress Multisite moja, yaani usimikaji mmoja wa WordPress unaobeba tovuti nyingi. Hifadhidata imetolewa kwenye kompyuta ya ofisini iliyokuwa inaendesha XAMPP (kifurushi cha seva ya wavuti na hifadhidata) juu ya Windows, ikapandishwa kwenye VPS ya Linux, yaani seva pepe ya kukodi. Tovuti mama inafunguka. Ukerewe haimo kwenye orodha. Sengerema inaleta ukurasa wa "haikupatikana". Magu imo, ila ukiibofya inakutupa kwenye anwani ya zamani. Tathmini hii inaipima WP-CLI, chombo cha kuiendesha WordPress kwa kuandika amri, kwa kazi hiyo moja tu: kuonyesha tovuti zimekwama wapi, na kuzirudisha bila kuziharibu zilizo salama.

Kuipata ni rahisi. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na yote ni faili moja:

curl -O https://raw.githubusercontent.com/wp-cli/builds/gh-pages/phar/wp-cli.phar
chmod +x wp-cli.phar
sudo mv wp-cli.phar /usr/local/bin/wp

Seva iwe na PHP ya mstari wa amri pamoja na programu za mysql na mysqldump, maana amri za wp db query na wp db export zinazotumika hapa zinazitegemea hizo. Usiiendeshe ukiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote ya seva. Itakugomea, na ina haki, kwa sababu kila plagini iliyomo kwenye lango ingepata mamlaka ya root papo hapo. Andika sudo -u www-data mbele ya amri, au jina lolote linalotumiwa na seva ya wavuti.

Kwa mazingira yetu faida yake kubwa ni wepesi. Inafanya kazi kupitia SSH, njia salama ya kuiamuru seva kutoka mbali, kwa maandishi matupu, hivyo fundi aliyeko Nansio kisiwani Ukerewe kwa hotspoti ya simu anafanya kile kile anachofanya wa Capri Point, Mwanza mjini, mwenye faiba. Anza kwa kufungua tmux, programu inayoshikilia kikao chako hata ukikatika, kwenye seva: umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya uingizaji, kazi inaendelea kule iliko, nawe ukirudi unaikuta. Na kama seva zote mbili ziko hewani, sukuma faili moja kwa moja kutoka moja kwenda nyingine kwa rsync. Hifadhidata ya GB 2 haina sababu ya kushuka Mwanza kisha kupanda tena.

Orodha na maudhui ni vitu viwili

WordPress inaitambua tovuti tanzu kwa mstari mmoja tu katika jedwali la wp_blogs: namba yake, kikoa chake na njia yake. Maudhui yake yamo kwingine, katika majedwali kumi yenye namba hiyo: wp_8_posts, wp_8_options na wenzake, tuseme 8 ndiyo namba ya Ukerewe. Tovuti mama haina namba. Kwa lango letu, kabla ya plagini kuongeza ya kwake, majedwali yawe 88: kumi ya tovuti mama, 70 ya tanzu saba, na manane ya pamoja, yaani wp_users, wp_usermeta, wp_blogs, wp_blogmeta, wp_site, wp_sitemeta, wp_signups na wp_registration_log. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kugusa kitu. Mara nyingi tovuti inayoitwa imepotea ina makala zake zote, ila imefutika kwenye orodha.

Hapa WP-CLI inastahili sifa. Amri tatu zinatosha kukupa picha:

wp site list --fields=blog_id,url,public,archived,spam,deleted
wp db query "SELECT blog_id, site_id, domain, path FROM wp_blogs"
wp db query "SHOW TABLES LIKE 'wp\_%\_options'"

Ya kwanza inapita ndani ya WordPress. Mbili za mwisho zinasoma wp-config.php, faili ya mipangilio ya WordPress, tu na kwenda moja kwa moja kwenye hifadhidata, kwa hiyo zinafanya kazi hata lango lenyewe likiwa limegoma kabisa. Amri ya kwanza ikikujibu Error: Site 'jipya.test' not found, usihangaike: maana yake wp-config.php inataja kikoa kipya ilhali wp_blogs bado inataja cha zamani. Ongeza --url=zamani.test itaitika.

Sasa linganisha majibu. Kama wp_8_options ipo lakini namba 8 haimo kwenye wp_blogs, Ukerewe iko salama na inahitaji mstari wake tu. Kama namba imo lakini majedwali hayapo, hakuna cha kutengeneza hapo: nakala iliyokuja ni pungufu, rudi seva ya zamani ukaitoe upya. Kama archived, spam au deleted ina 1, tovuti imefungwa na mtu, pengine zamani kabla ya uhamisho, na wp site unarchive, wp site unspam au wp site activate inaifungua. Na kama tovuti inaonekana kwenye wp site list ila haionekani kwenye dashibodi ya mtandao wa tovuti (Network Admin), tazama safu ya site_id. Dashibodi inaonyesha tovuti za mtandao wa sasa pekee, wakati amri inaorodhesha zote. Namba hiyo lazima ilingane na id iliyoko wp_site na SITE_ID_CURRENT_SITE iliyoko wp-config.php. Tofauti hii ndogo inawasumbua watu wengi, kwa sababu kwa mtazamo wa dashibodi tovuti haipo kabisa.

Angalia pia safu ya path. Lazima ianze na kuishia na mkwaju: /ukerewe/. Aliyehariri kwa mkono akaandika /ukerewe bila mkwaju wa mwisho ameificha tovuti, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaomwambia hivyo.

Kurudisha mstari uliokosekana kunafanyika kwa SQL ya kawaida. Kwanza hakiki namba ni ya nani:

wp db query "SELECT option_value FROM wp_8_options WHERE option_name='siteurl'"

Kisha:

wp db query "INSERT INTO wp_blogs (blog_id, site_id, domain, path, registered, last_updated, public) VALUES (8, 1, 'zamani.test', '/ukerewe/', NOW(), NOW(), 1)"

Kikoa kiwe kile kilichomo kwenye mistari mingine kwa wakati huo, ili kibadilike pamoja nayo baadaye. Jambo la kukwepa kabisa ni wp site create. Jina lake linashawishi, lakini inatoa namba mpya, mathalani 9, na kuunda majedwali kumi matupu. Utaiona Ukerewe kwenye orodha, utafurahi, kisha utaikuta haina hata makala moja, huku maudhui halisi yamebaki yatima kwenye namba 8.

Hii ndiyo kasoro ninayoilaumu zaidi katika chombo hiki: hakina amri ya kutafuta majedwali yatima. Taarifa zote kinazo, lakini kulinganisha ni kwa macho yako. Tovuti saba si shida. Lango lenye shule mia mbili litakulazimisha kuandika skripti.

Kwa nini mistari inapotea njiani

Mysqldump, ambayo ndiyo inayotumiwa na wp db export, inatoa majedwali kwa mpangilio wa alfabeti, na tarakimu zinatangulia herufi. Kwa hiyo wp_2 hadi wp_8 zinatoka mwanzo, wp_blogs inafuata, kisha wp_options na wp_posts za tovuti mama, na wp_users mwisho kabisa. Diski ikijaa au mtandao ukikatika wakati wa kunakili, unabaki na faili yenye tovuti tanzu zote lakini isiyo na orodha yao. Ikiwa kwenye seva mpya ulikuwa umeshasimika Multisite mpya, wp_blogs yake yenye mstari mmoja inabaki palepale, na dalili ni hii: tovuti mama inafunguka ikiwa na makala ya mfano inayokuja na WordPress. Ukiiona hiyo, acha kutafuta kwingine. Angalia mkia wa faili:

tail -n 1 lango.sql

Lazima uone -- Dump completed on na tarehe. Pasipo mstari huo, nakala haikukamilika.

Uingizaji nao una makosa yake ya kudumu, na programu ya mysql inasimama kwenye kosa la kwanza, kwa hiyo kila jedwali linalofuata linakosekana. Kosa 1273 lenye utf8mb4_0900_ai_ci linatokea ukitoka MySQL 8 kwenda MariaDB ya zamani isiyoijua kolesheni hiyo, yaani kanuni ya kupanga na kulinganisha herufi. Badilisha jina hilo kwa sed, amri ya kubadili maneno ndani ya faili, liwe utf8mb4_unicode_520_ci, inayojulikana pande zote mbili. Kosa 1067 kuhusu safu ya registered linaiangukia wp_blogs yenyewe, kwa sababu thamani yake ya awali ni tarehe ya sifuri tupu, ambayo MySQL ya siku hizi inaikataa ikiwa kwenye hali kali. Faili kamili ya mysqldump inailegeza hali hiyo kwenye mistari yake ya mwanzo. Wanaokutana na kosa hili ni wale waliokata faili vipandevipande na kukiacha kichwa. Kosa 2006, seva kuondoka, mara nyingi ni max_allowed_packet ndogo. Na ukitoka MariaDB ya kuanzia katikati ya 2024 kwenda MySQL, mstari wa kwanza wa faili wenye maneno enable the sandbox mode unaweza kukwamisha kila kitu. Ufute huo mmoja tu.

Halafu kuna tatizo la Windows. MySQL ya Windows kwa kawaida inaweka majina ya majedwali kwa herufi ndogo hata ukiyaandika kwa kubwa, na haijali ukubwa wa herufi unapoyaita. Linux inajali. Aliyesimika lango ofisini akachagua kiambishi Lango_ ana majedwali yanayoitwa lango_blogs, na wp-config.php inayosema Lango_. Kwenye XAMPP ilienda miaka bila shida. Kwenye VPS, WordPress inatafuta Lango_blogs, haipati, inaanguka. Usijaribu kubadili lower_case_table_names: katika MySQL 8 thamani hiyo inapangwa wakati wa kuanzisha seva tu, haibadilishwi baadaye. Rekebisha $table_prefix iwe lango_.

Ukishafanya hivyo lango litaamka, lakini kuna la pili. Haki za watumiaji zimehifadhiwa kwenye usermeta kwa majina yanayobeba kiambishi, kama Lango_8_capabilities, na PHP haioni kuwa hilo ni sawa na lango_8_capabilities. Matokeo yake msimamizi mkuu anaziona tovuti zote, kwa kuwa jina lake limeandikwa kwenye sitemeta, ila afisa wa Ukerewe akiingia anakuta menyu yake ya tovuti iko tupu na anapiga simu kusema tovuti imefutwa. Haijafutwa:

wp db query "UPDATE lango_usermeta SET meta_key = REPLACE(meta_key, 'Lango_', 'lango_') WHERE meta_key LIKE 'Lango\_%'"

Rekebisha pia jina la user_roles ndani ya jedwali la options la kila tovuti. Wenye kiambishi cha kawaida, wp_, hili haliwahusu.

Search-replace: hapa ndipo inapoacha wengine mbali

Anwani ya lango imeandikwa kila mahali, na sehemu kubwa imo ndani ya data iliyofungashwa na PHP pamoja na hesabu ya herufi zake. Mfano: s:19:"https://zamani.test". Ukipitisha sed na kuweka https://jipya.test, herufi zinakuwa 18 huku hesabu ikibaki 19. PHP inakataa kuifungua, na vilivyomo, wijeti na mipangilio ya mandhari, vinapotea kimya kimya. WP-CLI inafungua fungashio, inabadili, inafunga upya kwa hesabu sahihi. Kwa kipengele hiki pekee ningeichagua.

Anza na nakala, kisha jaribio kavu, yaani lisilobadili kitu:

wp db export kabla.sql
wp search-replace 'zamani.test' 'jipya.test' --url=zamani.test --network --skip-columns=guid --report-changed-only --dry-run

Ukiridhika, ondoa --dry-run. Baada ya hapo ndipo ubadilishe DOMAIN_CURRENT_SITE kwenye wp-config.php, si kabla.

Kuna mitego minne. Wa kwanza: kikoa kiandikwe bila https://. Safu za domain katika wp_blogs na wp_site hazina kiambishi hicho, kwa hiyo anayetafuta https://zamani.test anabadili makala zote na kuiacha orodha ilivyo. Hiyo ndiyo hali ya Magu. Wa pili ni kinyume chake: ukitafuta kikoa kitupu, barua pepe nazo zinabadilika, na habari@zamani.test inakuwa habari@jipya.test hata kama sanduku hilo halipo. Pitisha mara ya pili, ukigeuza '@jipya.test' kuwa '@zamani.test'. Wa tatu: --network inafuata orodha ya wp_blogs ya mtandao husika. Tovuti yatima inarukwa bila onyo, ndiyo maana orodha inatengenezwa kwanza. Majedwali ya plagini nayo yanaachwa. Kuyafikia weka --all-tables-with-prefix badala ya --network. Wa nne: kama kikoa kipya kina cha zamani ndani yake, kwa mfano zamani.test kuwa mwanza.zamani.test, usirudie amri. Itakupa mwanza.mwanza.zamani.test, na hakuna amri ya kutengua. Dawa ni ile kabla.sql.

Jaribio kavu nalo lina udhaifu. Linakupa idadi ya mabadiliko kwa kila jedwali, halikuonyeshi mistari yenyewe mpaka uongeze --log, na hapo unamwagiwa maandishi mengi mno. Na ujumbe wote ni wa Kiingereza.

Hakiki kazi kwa kuiuliza kila tovuti anwani yake:

wp site list --field=url | xargs -I % wp option get home --url=%

Kisha wp cache flush. Kama wp-content ina faili ya object-cache.php iliyokuja na uhamisho, na Redis moja (hifadhi ya muda ya kuharakisha lango) inahudumia malango mawili bila WP_CACHE_KEY_SALT tofauti, WordPress inaweza kusoma orodha ya tovuti za mwenzake, na utakesha ukitengeneza hifadhidata isiyo na kosa.

Mahali WP-CLI haifiki ni kwenye seva ya wavuti. Sengerema ya mfano wetu iko sawa kila mahali, orodha na majedwali, bado haifunguki kwa sababu Apache mpya ina AllowOverride None na haisomi .htaccess, au kwa sababu seva mpya ni Nginx ambayo haiisomi kabisa na inataka kanuni zake. Dalili: ukurasa wa mwanzo wa lango unafunguka, njia nyingine zote hazipatikani. Wanaotumia vikoa vidogo badala ya njia wanahitaji rekodi ya DNS yenye nyota, na cheti cha nyota kutoka Let's Encrypt kinatolewa kwa uthibitisho wa DNS tu. Picha zikikosekana, tazama kama wp-content/uploads/sites/8/ ilinakiliwa. Hifadhidata haibebi picha.

Dhidi ya phpMyAdmin, chombo cha kusimamia hifadhidata kupitia kivinjari: ile ni nzuri kutazama wp_blogs kwa macho na kurekebisha mkwaju mmoja. Kwa kuingiza faili kubwa inafungwa na upload_max_filesize ya PHP, ambayo kwa kawaida inaanzia MB 2, na haijui lolote kuhusu data iliyofungashwa. Plagini za kuhamisha zinafaa tovuti moja moja. Kadhaa za bure hazihamishi Multisite nzima, na zinahitaji lango liwe linafunguka, jambo ambalo hapa ndilo tatizo lenyewe.

Naipa nne kati ya tano. Ile moja imekwenda na majedwali yatima na ukimya wa --network. Kikwazo halisi kwa wengi ni kwamba inahitaji SSH, na vifurushi vya bei ya chini vya hostingi ya pamoja mara nyingi havina. Uliza kabla ya kulipia. Kama umeshalipia na SSH haipo, kazi yote inaweza kufanyika kwenye mashine ya zamani bila kuigusa hifadhidata yake:

wp search-replace zamani.test jipya.test --all-tables-with-prefix --skip-columns=guid --export=jipya.sql

Faili inayotoka imeshabadilishwa. Hakiki kwamba ina majedwali yako yote 88 na ya plagini, ibane kwa gzip, ipandishe kupitia phpMyAdmin kwenye hifadhidata tupu, na uweke jipya.test kwenye DOMAIN_CURRENT_SITE ya huko.